Kitabu chenye jina la mtoto: nianze na tovuti au na kitabu?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa chekechea hapa Tanga. Nimeandika hadithi ya mtoto anayekwenda sokoni na bibi yake, anapotea kidogo, kisha anaonekana. Rafiki yangu ni mchoraji na ameniahidi picha. Ninachotaka ni mzazi aingie kwenye tovuti yangu, aandike jina la mwanawe, alipie, halafu nakala hiyo moja ichapwe ikiwa na jina lile, mtoto ajione ndiye mwenye hadithi. Nina mtaji wa shilingi milioni moja na nusu. Fundi mmoja ameniambia tovuti ya namna hiyo ataijenga kwa milioni moja na laki mbili. Nianzie hapo? Na nichapishe wapi, hapa nchini au kwa kampuni za nje zinazochapa kwa oda?

JIBU: Mwalimu, hizo pesa usimpe fundi bado. Wazo lako ni zuri na ninalipenda kwa dhati, maana watoto wetu wengi hukua bila kukutana na kitabu cha Kiswahili chenye jina kama lao, sembuse jina lao wenyewe. Lakini mzazi hatanunua tovuti. Atanunua kitabu atakachokishika, chenye jina lililoandikwa sawasawa, kilichofika kabla ya siku aliyoahidiwa. Mambo hayo matatu unaweza kuyatengeneza kwa simu yako ya WhatsApp na laki chache, na usipoyatengeneza kwanza, tovuti ya milioni moja na laki mbili itakuletea oda usizoweza kuzitimiza.

Nianze na uchapaji, kwa sababu ndio unaoamua mengine yote. Vitabu vingi vya dukani huchapwa kwa ofseti. Kila upande wa shiti, yaani karatasi kubwa kabla haijakatwa, hutengenezewa pleti (bamba za kuchapia) nne, moja kwa kila rangi ya wino: samawati, majenta, manjano na nyeusi. Gharama ya pleti hizo na ya kuitayarisha mashine ni ileile, uchape nakala 1 au 3,000, ndiyo maana mchapaji wa ofseti akisikia nakala moja atakukatalia au atakutajia bei ya kukufukuza. Mashine za dijitali hazina pleti. Faili linaingia, shiti inatoka, na shiti inayofuata inaweza kuwa na jina jingine kabisa bila senti kuongezeka. Ubaya wake ni kwamba bei haishuki sana kwa wingi: nakala ya mia utailipia karibu sawa na ya kwanza. Kwa hiyo huwezi kushindana kwa bei na kitabu cha hadithi cha dukani, wala usijaribu. Wewe unauza zawadi, na bei yako iwe ya zawadi.

Umbo la kitabu ndilo linalowala pesa wanaoanza bila wao kujua. Mashine nyingi za dijitali zilizopo mjini hupokea shiti ya sentimita 32 kwa 45. Kitabu cha kupigwa pini katikati huchapwa kurasa mbili zikiwa ubavu kwa ubavu, mbele na nyuma, yaani kila kipande kimoja kina kurasa nne. Kitabu cha A5 kikifunguliwa ni A4, na A4 mbili zinaenea kwenye shiti moja. Kitabu cha mraba cha sentimita 21, ambacho kila mtu hukipenda kwa macho, kikifunguliwa ni 42 kwa 21, kwa hiyo shiti nzima inaliwa na kipande kimoja na ukanda wa karibu sentimita kumi unatupwa. Kitabu cha kurasa 24, kava kando, kinakula shiti 3 ukichagua A5 na shiti 6 ukichagua mraba. Na kwa shiti hizohizo 6 ungepata A4 kamili iliyosimama. Mimi ningechukua A4. Bibi na mjukuu wakikaa na kitabu mkekani, picha kubwa ina faida yake, na mzazi aliyelipa anaona alicholipia.

Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa nne, na 24 zinatosha kwa hadithi yako. Karatasi ya ndani iwe gramu 150 (ndio uzito wa mita moja ya mraba ya karatasi), maana ya gramu 100 ni nyembamba na picha ya upande wa pili itaonekana kwa nyuma. Kava iwe gramu 300 yenye lameshini, yaani utando mwembamba wa plastiki, isiyong'aa. Mwambie mchapaji aipige kava alama ya mkunjo kwa mashine kabla ya kuikunja. Tona, yaani wino wa unga wa mashine ya dijitali, iko juu ya karatasi, haijazama ndani, na kava iliyokunjwa kwa nguvu bila alama hupasuka rangi mgongoni siku ya kwanza. Mchoraji naye azidishe picha milimita 3 nje ya ukingo kila upande ili kisu kisiache mstari mweupe, na achore kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi kwa ukubwa halisi wa kuchapwa. Maandishi yote, hasa jina, yawe ya wino mweusi peke yake. Herufi ndogo iliyochanganywa rangi nne ikihama kidogo tu inakuwa na ukungu, na mtoto anayejifunza kusoma anahitaji herufi iliyo kali.

Sasa tuje kwenye jina lenyewe, kwa sababu hapo ndipo biashara hii inapopona au kufa.

Kampuni ya Wonderbly ya London, iliyoanza mwaka 2012 kwa jina la Lost My Name, ilijijenga kwa kitabu ambacho kila herufi ya jina la mtoto inaleta mhusika wake na kisa chake. Wengi wakiona hivyo hutaka kufanya hivyohivyo kwa Kiswahili. Usianzie huko. Majina yetu yanapenda sana irabu A: Salama anazo tatu, Baraka tatu, Mwanaasha nne. Ungehitaji visa vinne tofauti vya A kabla hujafikiria herufi nyingine, na kila kisa kina picha zake. Hadithi yako moja ya sokoni, yenye jina ndani yake, ni kazi inayowezekana kwa mtaji ulionao.

Tena Kiswahili kinakubeba. Waandishi wa Kiingereza hulazimika kuandaa maandishi mawili, ya mvulana na ya msichana, kwa sababu viwakilishi vyao vinabadilika. Wewe ukiandika "alikimbia hadi kwa muuza ndizi, bibi akamshika mkono," sentensi inamfaa Juma na inamfaa Neema bila kugusa herufi. Pitia hadithi yako na utoe maneno machache yanayofichua jinsia, kama binti, kaka na dada, uweke mjukuu au mtoto, na maandishi yako yatakuwa mamoja kwa watoto wote. Palipo na "bibi" acha nafasi ya kubadilishwa, kwa kuwa mnunuzi wa Nairobi atataka "nyanya", maana kwao bibi ni mke wa mtu. Mapacha ndio wasubiri. Mzazi wa Kulwa na Doto atakuomba awaweke wote wawili, na hapo kila "a-" inageuka "wa-", kila "m-" ya katikati inageuka, picha zote zinahitaji mtoto wa pili. Hicho ni kitabu kingine kizima. Mwambie kwa upole kwamba kinakuja.

Kama umeandika sehemu yoyote kwa beti, jina lisiingie humo. Juma ni silabi mbili, Mwanahamisi ni tano. Ubeti wenye mizani nane kwa Juma utakuwa na kumi na moja kwa Mwanahamisi, na msomaji yeyote aliyelelewa na mashairi atasikia unavyochechemea. Wala jina lisikae mahali pa kina. Liweke kwenye masimulizi, au katika kauli ya bibi anayeita sokoni, ambako urefu wake haudhuru kitu.

Kwenye ukurasa, kila sanduku la maandishi liwe na nafasi ya jina la herufi 14, na kwenye kava ukubwa wa herufi upungue wenyewe jina likirefuka. Jaribu na Ali, jaribu na Mwanahamisi, kisha jaribu na jina la Kisukuma linaloanza na Ng'wana. Ile alama ya juu ya ng' itakusumbua kuliko unavyodhani: simu moja huiandika imenyooka, nyingine imepinda, na fonti kadhaa za mapambo hazina alama hiyo kabisa, hivyo mahali pake panatokea kisanduku kitupu. Chagua fonti iliyo nayo, kisha hakikisha aina zote mbili zinageuzwa kuwa moja kabla faili halijatengenezwa. Wazazi wengine wataandika jina lote kwa herufi kubwa, wengine wataacha nafasi mwishoni. Hayo unayasafisha.

Lakini tahajia ya jina usiisahihishe kamwe. Mariamu, Mariam, Maryam na Miriam ni watoto wanne tofauti. Kuna Yusuf, Yusufu na Yusuph, na kila mmoja ana cheti chake cha kuzaliwa. Wewe ni mwalimu, mkono utakuwasha kurekebisha, usiuruhusu. Mzazi akishalipa, mpigie picha ukurasa wenye jina na kava, mtumie kwa WhatsApp, usubiri ajibu kwa maandishi kwamba ndivyo. Asipojibu, haichapwi. Hatua hii ni ya dakika mbili na ndiyo itakayokuokoa na gharama ya kurudia, kwa sababu nakala iliyokosewa jina huwezi kumuuzia mtu mwingine duniani.

Kwa sababu hiyohiyo, malipo yanatangulia. Hakuna kukopesha, hakuna "nitalipa mzigo ukifika", hata kwa ndugu.

Picha nazisema kwa ufupi, ila hesabu hii muonyeshe rafiki yako. Tuseme mtoto anaonekana kwenye picha 11. Ukimpa mzazi uhuru wa kuchagua mitindo 4 ya nywele, rangi 3 za ngozi na nguo za aina 2, hiyo ni michanganyiko 24, yaani picha 264 za mtoto. Hakuna rafiki atakayekuchorea hizo akabaki rafiki. Anza na watoto wanne tu: mvulana, msichana wa misuko, msichana wa hijabu, msichana wa nywele fupi. Jumla 44, na zipungue zaidi kwa kumchora mtoto kwa mgongo au akiwa nyuma ya kapu la bibi katika baadhi ya kurasa. Mandhari ya soko ichorwe tabaka lake, mtoto tabaka lake, ili umbadilishe bila kuchora soko upya. Na muandikiane. Chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 picha ni mali ya aliyezichora mpaka mkubaliane vingine kwa maandishi. Ningempa karibu nusu ya mtaji kwa awamu, pamoja na fungu dogo kwa kila nakala inayouzwa, ili naye awe na sababu ya kutaka kitabu kiende.

Bei sasa. Hizi ni tarakimu za mfano, weka zako utakapopata bei ya mchapaji. Tuseme nakala inakugharimu 14,000 kuchapwa na kupigwa pini. Ongeza bahasha ngumu 1,000, makato ya malipo 700, akiba ya kurudia nakala moja katika kila ishirini 700, fungu la mchoraji 1,500. Jumla 17,900. Ukiuza 30,000, nauli juu ya mteja, unabaki na 12,100, na humo ndimo hutoka bando, kikoa (anwani ya tovuti), kodi na jasho lako. Ukiuza 20,000 kwa huruma unabaki na 2,100, na siku utakayoumwa hakuna wa kukushikia kazi. Tena angalia hili: duka la vitabu likikuomba punguzo la asilimia 40, hiyo ni 12,000, unabaki na shilingi mia moja. Vitabu vya namna hii huuzwa na mwenyewe moja kwa moja.

Kuhusu wapi pa kuchapa: kwa wateja wa hapa nchini, chapa hapa nchini. Tafuta wachapaji watatu wenye mashine ya dijitali, Tanga kama wapo na Kariakoo, uwape faili lilelile, ulipie nakala moja kwa kila mmoja. Ukizipata, zilaze pamoja mchana, nje, uangalie ngozi ya mtoto na ya bibi. Mashine isiyorekebishwa vizuri huigeuza ngozi nyeusi kuwa ya kijivu au nyekundu, na hilo si dogo kwa kitabu ambacho kazi yake yote ni mtoto kujitambua. Zifungue na kuzifunga mara nyingi, vuta kurasa za katikati kwenye pini. Ukimpata wa kuaminika, kubalianeni siku moja ya wiki ya kuchapa oda zote zilizohakikiwa. Mzigo uje kwako Tanga kwa basi, ukague kila jina dhidi ya jibu la mzazi, ndipo uugawe: bodaboda kwa walio mjini, basi kwa walio mikoani, Posta kwa pasipofika basi. Ahadi yako kwa mteja iwe siku kumi za kazi, hata kama unajua utaweza kwa sita.

Kampuni za nje zina mahali pake, nalo ni kwa Waswahili walio nje. Mzazi aliyeko Uingereza au Marekani anatafuta kwa hamu kitabu cha kumfanya mwanawe asisahau lugha, lakini nauli ya kutoka Tanga inaweza kuzidi bei ya kitabu. Lulu, mojawapo ya kampuni hizo, wanakubali faili tofauti kwa kila oda, wanachapa karibu na mteja na kumpelekea, na baadaye tovuti yako inaweza kuwatumia oda yenyewe bila mkono wako. Amazon KDP, huduma ya Amazon ya kuchapa vitabu kwa oda, haikufai kwa hili: imejengwa kwa kitabu kimoja kinachokaguliwa na kuwekwa dukani ili kiuzwe kwa wengi, si nakala ya mtoto mmoja. Ukifika Ulaya ujue kwamba mnunuzi wa mtandaoni katika Umoja wa Ulaya ana siku 14 za kubadili nia, ila bidhaa iliyotengenezwa kwa mahitaji binafsi ya mteja imetolewa katika haki hiyo na agizo la mwaka 2011. Kosa la uchapaji linabaki kuwa lako. Mlango huu ufungue ukishauza hapa nyumbani kwa msimu mzima.

Na tovuti? Itakuja, ndogo. Kurasa zenye picha halisi za kitabu kilichochapwa, hadithi kwa mistari mitatu, fomu ya jina na mtoto gani kati ya wanne, bei, nauli na siku za kusubiri. WordPress na WooCommerce, programu za kujengea tovuti na duka la mtandaoni, vinatosha, na fundi mwaminifu hatakutoza milioni. Mwanzoni malipo yaingie kwenye Lipa Namba kwa jina la biashara lililosajiliwa BRELA, na TIN ya TRA uwe nayo. Oda zikiwa nyingi kuliko unavyoweza kuzifuatilia kwa mkono, ndipo uunganishe malipo ya simu na kadi kupitia kampuni kama Selcom au Pesapal. Mafaili usianze kuyaunda kwa programu ya gharama: Scribus ni ya bure, inatoa PDF ya rangi nne, na orodha ya majina kutoka kwenye jedwali inaweza kumiminwa ndani yake. ISBN huihitaji kuuza mwenyewe.

Kwenye fomu hiyo omba jina la kwanza tu la mtoto. Usiombe tarehe ya kuzaliwa, shule, wala picha yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwa Tume yake, na taarifa za watoto zinataka uangalifu wa juu zaidi. Kitabu kikishafika na mzazi akaridhika, futa faili.

Nimeacha mwisho jambo ambalo ningelianza mimi kama ningekuwa nafasi yako. Wewe uko chekechea, na mahafali ya mwisho wa mwaka yanakuja. Darasa la watoto 30 ni oda 30 kwa siku moja, safari moja ya mzigo, orodha moja ya majina ambayo wazazi wanaweza kuisaini mbele yako kwenye kikao. Zungumza na mkuu wa shule na kamati ya wazazi, uwaonyeshe nakala ya sampuli, mchango ukusanywe mapema. Kazi hiyo moja itakufundisha mafaili, mchapaji na majina kabla hujamlipa mtu yeyote wa tovuti, na wazazi hao 30 ndio watakaokutangaza. Funga orodha wiki nne kabla ya sherehe. Kisha uchape nakala tatu za ziada ambazo mahali pa jina pana mstari mtupu, kwa sababu daima kuna mtoto anayehamia baada ya orodha kufungwa, na huyo asikae siku ile akitazama vitabu vya wenzake. Jina lake liandike kwa marka ya wino usiofutika, ulikaushe kabla ya kufunga ukurasa. Wino wa kalamu ya kawaida haushiki kwenye karatasi ya gramu 150 inayoteleza.